Je, Aliyeibiwa Aweza Kuiba?

Huku kwetu Munigi, kando ya njia itokayo Goma kwenda Rutshuru, iko nyumba ndogo ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Ndani mna kompyuta tano za kikuukuu, na kila jioni mna vijana wengi kuliko viti. Kijana hutoa faranga chache, hucheza mpira wa miguu katika kioo cha mashini kwa dakika alizolipia, kisha humpisha mwenzake. Wengine husimama nyuma wakishangilia kana kwamba wamo uwanjani.

Siku moja tulipita hapo tukamkuta mwenye nyumba amejishika tama. Mashini tatu kati ya tano zilikuwa zimeugua. Barua za wateja na karatasi za wanafunzi zilizohifadhiwa ndani yake ziligeuka kuwa alama tupu zisizofunguka. Ugonjwa ule uliingia kwa flashi iliyoleta mchezo mpya wa mpira, mchezo ulionakiliwa kwa wizi na kufunguliwa kufuli lake na watu wasiojulikana. Rafiki yake mmoja alimshauri aondoe programu zote za kunakiliwa, hata ile programu kubwa inayoiamsha mashini na kuiongoza, na badala yake atie Linux, ambayo watu huipata bila kulipa na bila kuiba. Naye alikuwa amekwisha kufanya hivyo katika mashini moja. Lakini vijana waliikimbia mashini ile, kwa kuwa mpira wao haukuwamo.

Tukawaambia vijana kwamba mwenye nyumba amefanya vema, maana kunakili mchezo bila ruhusa ni kuchukua kazi ya mtu bila ujira. Ndipo kijana mmoja akajibu kwa heshima, lakini bila kuogopa: «Mwalimu, mkubwa wangu hubeba magunia ya koltani kule Rubaya. Mawe yale ndiyo yatiwayo ndani ya mashini hizi. Wao wamechukua mawe yetu kwa bei ya bure. Sisi tukichukua mchezo wao, ubaya uko wapi? Si tumelipana?»

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Nasi hatukuwa na jibu siku ile. Tumeandika haya kwa sababu swali lake lilitufuata mpaka nyumbani.

Kabla ya kulijibu, yafaa tuwajibu wazazi wengine watakaosema: «Mwalimu ahangaikie michezo kwa nini? Nyumba ile ifungwe, mambo yakaisha!» Hatukubaliani nao. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na pumziko lake ni mchezo wa kiasi. Akaukumbusha mfano wa upinde: ukivutwa daima bila kulegezwa, mwisho huvunjika. Basi vijana wa Munigi wamevutwa sana. Wazazi wao waliona moto wa Nyiragongo ukishuka tarehe 17 Januari 2002. Wao wenyewe waliukimbia usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Januari 2025 vita viliingia Goma. Kijana wa namna hiyo akipata saa moja ya kucheka na wenzake, hatumnyimi. Twauliza tu: mchezo huo umeingia kwa mlango gani?

Sasa tumpe yule kijana haki yake, kwani katika maneno yake mna ukweli mwingi. Koltani ni jiwe lenye metali iitwayo tantali, ambayo hutumika kutengeneza vipande vidogo vya kuwekea umeme ndani ya simu, kompyuta na mashini za michezo. Mwaka 2000 bei yake ilipanda ghafla katika masoko ya dunia, na huku Kivu watu wengi wakaacha mashamba wakaenda kuchimba. Mwaka uliofuata bei ikaanguka, nao wakabaki na mashimo. Mwaka 2001 wataalamu waliotumwa na Umoja wa Mataifa waliandika waziwazi juu ya unyang'anyi wa mali ya Kongo. Machimbo ya Rubaya, katika nchi ya Masisi, yaliingia mikononi mwa M23 mwaka 2024. Wakubwa wamebadilika mara nyingi. Mgongo unaobeba gunia ni uleule. Asemaye kwamba hakuna deni, huyo hajapanda Masisi.

Basi deni liko. Lakini je, deni laweza kulipwa kwa njia ile aliyoitaja kijana?

Walimu wa elimu ya maadili walilifikiri jambo hili zamani sana. Waliliita fidia ya siri. Mathalani, mfanyakazi amenyimwa mshahara wake na tajiri, akaona hana mahakama wala shahidi. Je, aweza kuchukua kwa siri katika mali ya tajiri yule kiasi kilekile anachomdai? Wengi wao walikubali kwamba mara chache huenda si wizi, lakini waliweka masharti makali. Deni liwe la hakika. Njia nyingine ya kulidai isiwepo. Kichukuliwacho kisizidi kidaiwacho. Kitoke katika mali ya mdaiwa mwenyewe, wala mtu mwingine asipate hasara.

Tupime basi shauri la kijana wetu kwa masharti hayo. Deni ni la hakika? Naam, tumekubali. Njia nyingine ya kulidai haipo? Twaweza kusema ni ngumu sana. Lakini tazama yaliyosalia. Anayedai ni nani? Ni mkubwa wake, mbebaji wa magunia. Anayelipwa ni nani? Ni mdogo wake, achezaye mpira Munigi. Anayetozwa ni nani? Ni mtu aliyechora mchezo, aliyeandika hesabu zake, aliyetunga muziki wake, ambaye pengine hajapata kusikia jina la Rubaya. Kwa hiyo mdai hakupata kitu, mdaiwa hakutoa kitu, na mtu wa tatu ametozwa. Deni la mmoja halilipwi kwa mfuko wa mwingine. Mchezo ukinakiliwa mara elfu Munigi, gunia la Rubaya halipungui uzito hata ratli moja.

Tena kuna hatari nyingine iliyojificha, nayo ndiyo tunayoiogopa zaidi. Hasira ya kijana yule ni hasira ya haki. Lakini akiisha kusema «tumelipana», hasira hiyo hulala. Ameuza madai makubwa ya ndugu yake kwa ujira wa mchezo mmoja. Wale waliomnyonya wangefurahi sana kusikia kwamba hesabu imefungwa kwa bei rahisi hivyo! Mtu mwenye madai ya kweli hayapigii madai yake mnada gizani.

Wengine hawatumii hoja ya koltani. Wao husema: «Ukiiba mbuzi, mwenyewe hubaki bila mbuzi. Lakini nikinakili mchezo, mwenyewe bado anao. Nimemwibia nini?» Ni kweli kwamba nakala si mbuzi, wala hatutaki kuficha tofauti hiyo. Lakini tuwaulize vijana wetu wa Goma wanaotunga nyimbo. Hulipia chumba cha kurekodia, hukesha na wenzao, kisha wimbo ukitoka huzunguka sokoni katika flashi za watu, na mtungaji hapati hata faranga ya kupandia pikipiki. Wimbo wake anao bado. Alichokosa ni chakula. Tukiona huruma kwa mtungaji wa hapa, tusiwe vipofu kwa mtungaji wa mbali kwa sababu tu hatuujui uso wake.

Wengine tena husema: «Hata tukitaka kulipa, tutalipaje?» Hilo nalo si neno la kupuuzwa. Bei ya mchezo mmoja maarufu yaweza kushinda karo ya mtoto, na malipo hutakiwa kwa kadi ya benki. Wengi huku hawajapata kuwa na kadi. Na mabenki ya Goma yalipofungwa Januari 2025, hata mwenye nayo alibaki mikono mitupu. Twajua pia fundisho la kale kwamba mtu aliye katika shida ya kufa akitwaa mkate, hahesabiwi mwizi. Lakini mchezo wa mpira si mkate. Hakuna aliyekufa kwa kuukosa.

Je, kijana maskini basi amefungiwa milango yote? Ule wa kununua hauwezi, na ule wa kuiba haumfai. Kama ingekuwa milango ni hiyo miwili tu, tungenyamaza kwa aibu. Lakini uko mlango wa tatu, nao ni wa zawadi.

Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza kwamba ataanza kuunda programu ambazo kila mtu atakuwa na haki ya kuzitumia atakavyo, kuzifungua na kuzichunguza, kuwagawia wengine nakala zake, na kuzitengeneza upya na kuzigawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa kiini cha mfumo ulioitwa Linux. Watu wa nchi nyingi wakaongeza kazi zao. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na wenzake walitoa Linux ya namna moja wakaiita Ubuntu, neno ambalo ndugu yake katika Kiswahili ni utu. Jirani zetu wasemao Kinyarwanda wanalo pia neno hilo: kitolewacho «ku buntu» hutolewa bila malipo. Mwaka uleule wa 2004, kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa programu ya kuandikia iliyogeuzwa kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Hakuna aliyeinyakua usiku. Ruhusa ya kuigeuza ilikwisha kutolewa tangu mwanzo.

Tofauti kati ya kitu cha wizi na kitu cha zawadi haimo katika bei, kwani vyote viwili huja bila kulipa. Tofauti imo katika mwanga. Mwizi akiingia nyumba ya watu hawashi taa. Hujua chumba kile tu alichokipapasa. Ndivyo alivyo atumiaye programu ya wizi: hawezi kuifungua aone imeundwaje, hawezi kuitengeneza ikiharibika, na hajui ni nani mwingine aliyeingia pamoja naye, kama mwenye nyumba yetu alivyojua kwa hasara yake. Aliyepewa zawadi huwasha taa na kufungua madirisha.

Tufikiri juu ya chukudu yetu. Mji wa Goma umeisimamishia hata sanamu. Fundi huitengeneza kwa mti, mbele ya macho ya watu wote. Kijana akitaka kujifunza hukaa karibu, hutazama, hushika shoka, naye hutengeneza ya kwake. Ikivunjika njiani na mzigo wa viazi, mwenyewe huitengeneza papo hapo. Je, twaweza kusema chukudu haina thamani kwa sababu siri yake yajulikana na wote? Kinyume chake! Imewalisha watu wengi kwa sababu hiyo hasa. Programu huru ni kazi ya namna hiyo.

Na michezo imo. Uko mchezo wa mbio za magari madogo uitwao SuperTuxKart. Uko Battle for Wesnoth, mchezo wa vita vya kubuniwa unaodai kufikiri kama bao. Kwa mashini zenye nguvu zaidi uko 0 A.D., unaoonyesha falme za kale; mwaka 2018 waundaji wake waliongeza ufalme wa Kushi, ule wa Waafrika wa mto Nili. Yote hiyo hupewa mtu na kunakiliwa kwa rafiki pasipo dhambi yoyote.

Lakini yatupasa kusema kweli yote, tusije tukawadanganya vijana. Mpira ule wenye sura na majina ya wachezaji mashuhuri haumo kati ya zawadi hizo, kwani sura na majina hayo huuzwa kwa mikataba ya fedha nyingi. Ni kweli pia kwamba kuna programu iitwayo Wine, iliyoanzishwa mwaka 1993, na nyingine, Proton, iliyotolewa na kampuni ya Valve mwaka 2018, ambazo huiwezesha Linux kuendesha michezo mingi iliyoundwa kwa ajili ya Windows. Hata hivyo michezo kadha ichezwayo na watu wengi kwa intaneti hukataa, kwa sababu walinzi wake wa kuzuia udanganyifu hawaikubali Linux. Tena mchezo wa kuuzwa hubaki wa kuuzwa, hata ukichezwa juu ya mfumo wa zawadi. Wine haimwulizi mtu kama mchezo wake ni wa wizi. Mashini haiwezi kuwa mwema kwa niaba yetu. Atakaye mikono safi yampasa akubali kukosa baadhi ya vitu, na kukosa huko ndiko bei yake.

Na zawadi nayo ina sharti lake. Kanuni ambayo programu nyingi za namna hii hutolewa kwayo husema: ukiibadili na kuigawa, wape wengine uhuru uleule uliopewa wewe. Yaani zawadi ile haifi mikononi mwako. Aliyenunua amelipa, amemaliza. Aliyeiba hujificha. Aliyepewa ndiye peke yake abakiye na deni jema, la kumpa mwingine.

Hapa yatupasa kukiri jambo letu wenyewe. Kwa miaka minne mashini tuliyoandikia masomo ya wanafunzi wetu iliongozwa na programu ya kunakiliwa. Aliyetuwekea hakusema, nasi hatukuuliza, kwa maana tulijua jibu. Tuliwafundisha watoto amri isemayo usiibe kwa karatasi zilizochapwa na mashini ya wizi! Swali la kijana lilipotufuata nyumbani, lilitukuta tumeketi mbele ya mashini hiyo. Tulitaka kumhukumu yeye kwa mchezo wa saa moja, na sisi tulikuwa wezi wa miaka minne wenye sababu nzuri zaidi. Tuliibadili Jumamosi moja. Mashini ya kuchapa ilikataa kutusikia kwa juma zima, na baadhi ya kurasa zilivurugika mistari yake. Tulikasirika mara nyingi. Lakini sasa tunaweza kumnakilia mwalimu mwenzetu kila kilichomo bila kutazama chini.

Basi, wazazi, msiifunge nyumba ya michezo kabla ya kuuliza ndani yake mna nini. Walimu, tuanze na mashini zetu kabla ya zile za watoto. Nanyi vijana, msikubali mtu awaambie kwamba madai yenu juu ya mali ya nchi hii ni upuzi. Yadaini mchana, kwa sauti, kwa mdaiwa mwenyewe: kwa wanunuzi wa mawe, kwa wenye viwanda, kwa wenye bunduki na wenye mihuri. Lakini msijilipe kwa kazi ya mtu asiyewadai wala msiyemdai.

Tulirudi kwa yule kijana tukamweleza haya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: «Basi mkubwa wangu atalipwa na nani?» Tulimwambia kwamba jibu la swali hilo hatunalo mfukoni, ila twajua kwamba halimo ndani ya ile flashi.

Mwenye nyumba amekwisha kutia Linux katika mashini tatu. Kwa majuma mawili ya kwanza vijana walikwenda kucheza kwa mwingine, akapata hasara. Sasa baadhi yao wamerudi. Mara ya mwisho tulimkuta yule kijana ameinama juu ya karatasi, akichora chukudu. Alikuwa amesikia kwamba katika SuperTuxKart mtu huruhusiwa kuongeza gari lake mwenyewe, naye anataka chukudu ishindane katika mbio zile. Hajafaulu bado, kazi hiyo ni ngumu, na umeme hukatika. Hakuna wa kumzuia ila ujinga, na ujinga huondolewa kwa kujifunza.

Mkubwa wake yuko Rubaya bado. Hesabu ya mchezo na hesabu ya magunia ni hesabu mbili. Tusifute moja kwa kuchafua nyingine.